Petroli Inayozaa

Dorah fundi simu alikaa pembeni ya benchi la Bhoke muuza kahawa, mwaloni Kibara zinapotia nanga boti, akiomba mtu abadilishe mada. Juzi alifunga kifaa kwenye tanki la petroli la boti ya nahodha Kwangu. Boya dogo linaelea ndani, waya unatoka hadi kwenye kibao cha kompyuta cha ukubwa wa kiberiti, na kioo kinaandika tanki limejaa asilimia ngapi. Programu aliipanga mwenyewe kwa siku nne, akajisifu mji mzima. Jana boti ikazima katikati ya ziwa, kioo kinasema tisini na saba, ikavutwa na wavuvi wa dagaa. Na leo saa nne boti hiyo hiyo inatakiwa kuvusha kwaya kwenda harusini.

— Jana asubuhi nilijaza, kikaandika tatu, Kwangu alieleza kwa mara ya sita. Nikasema kimelala. Tukafika ng'ambo, arobaini. Tunarudi, themanini! Boti inatembea, petroli inaongezeka!

— Hicho kidude kinaitwaje? aliuliza Elias, anayeitwa Mahakama kwa sababu akishasema hakuna rufaa.

— Sensa, alijibu Dorah.

— Sensa si ilishapita? Mimi walinihesabu.

— Sensa ya tanki, mzee.

— Ndiyo maana sasa! Serikali ikihesabu watu, wanaongezekaga. Na wewe umehesabu petroli.

Wanzagi alicheka kwa dharau. Huyu waliwahi kumwona akiziba pancha ya baiskeli, tangu hapo ni Injinia.

— Mahakama, hii ni sayansi. Petroli ikipigwa jua inazaaga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Mbona injini ilizima? aliuliza Kwangu.

— Imevimbiwa! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Ng'ombe akila majani mabichi si anajaaga tumbo, analala chini?

— Ng'ombe wa hivyo tunamtoboaga ubavu.

— Basi tutoboe tanki!

Dorah alijua fika petroli haizai. Lakini habari ya kuvimbiwa ilimtupia lawama injini, si yeye. Akajikuta anasema:

— Inawezekana.

Akaona aibu hapo hapo, ila neno lilishatoka.

— Subirini, alisema Mahakama kwa sauti ya chini. Kwa nini tuvushe kwaya? Boti izunguke tu ziwani kutwa. Ikirudi tunakinga madumu, tunauza Bunda, tunauza mpaka Butiama. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Kwanza tuipunguze gesi, alisema Injinia. Kwangu, lete nyundo na msumari.

Kwangu alikuwa ameshasimama kweli alipofika Ghati, kiongozi wa kwaya, na sare yake ya zambarau.

— Mama, boti inaumwa, Kwangu alimwambia. Imeshiba petroli.

— Pole yake. Mlipofungua mfuniko mkachungulia, mliona nini?

Hakuna aliyechungulia. Ghati akavua viatu, akaingia majini, akaokota kijiti kwenye sakafu ya boti, akakitumbukiza tankini. Kikatoka kikavu kama kuni za jikoni.

Dorah akahisi masikio yanawaka. Boya lake likiwa chini linatoa namba kubwa, na yeye kwenye programu aliandika namba kubwa ndiyo kujaa. Tanki tupu linasomeka limejaa, lililojaa linasomeka tupu.

— Kosa ni langu, alisema. Niliigeuza. Injini ilikuwa na njaa tu, Kaka Kwangu, unisamehe.

Kwangu alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

— Na mimi nilitaka kuipiga msumari!

Akakimbilia dumu. Dorah akafungua kompyuta yake juu ya benchi, akabadilisha mistari miwili. Petroli ilipomiminwa, kioo kikapanda: kumi, hamsini, tisini na tano. Kwaya ikapiga vigelegele, na Dorah akaruhusu bega lake lipigwepigwe.

Ghati alikuwa bado ameshika kile kijiti. Kilikuwa kimechanjwa kwa kisu: robo, nusu, limejaa.

— Fundi, nauliza tu nijue. Hiki kilikuwa na kasoro gani?

Dorah akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mahakama. Mahakama akanyoosha kikombe kwa Bhoke, na Bhoke akageuza birika la kahawa juu chini: halikudondoka hata tone.