Siku Ishirini na Moja za Kungoja Mashine

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu nikiwa mzima wa mwili na wa akili, na wale walioniona mwaka juzi wanajua kwamba sisemi hivyo kwa mazoea.

Mnanifahamu kama mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi hapa mjini Isiolo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha watoto wenu kutengeneza redio na televisheni. Kisha mume wangu akafariki. Nilimzika, nikarudi nyumbani, nikavuta mapazia, na sikuyafungua kwa mwaka mzima! Mikono ilianza kutetemeka. Nikishika bisibisi, inaanguka. Nikifika langoni moyo unanienda mbio, nageuka. Chuo kilinivumilia sana. Mwishowe mkuu aliniambia kwa upole kwamba muhula ukifunguliwa ama nitakuwa nimerudi karakana, ama darasa langu litapewa mtu mwingine. Niliomba, lakini nawaambia ukweli: niliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Siku hizo nilikuwa naishi kwa chai. Maziwa ya mbuzi nililetewa mlangoni na Mama Rukia wa Chechelesi, mama wa Kiborana, Mwislamu anayeishika dini yake. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne nilijifunga leso kichwani, nikaenda kumtafuta, nikisimama kila baada ya hatua chache kama mgonjwa. Nilimkuta ameketi uani, mguu umeteguka, umefungwa kitambaa.

Na kwenye kona ya ua ule, ndugu zangu, niliiona. Mashine ya gemu! Zile ndefu kama kabati, zilizokuwa katika kumbi za michezo tulipokuwa vijana: unatia sarafu, unashika mkono wa kuendeshea, unazipiga ndege za adui kwenye kioo. Ukumbi uliokuwa nayo ulifungwa zamani, mashine ikatupwa, mume wa Mama Rukia akaiokota. Sasa mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, na ndani, juu ya majani makavu, kuku mwekundu alikuwa amelalia mayai.

Kwa mwaka mmoja sikuwa nimetaka kitu chochote duniani. Niliitaka ile mashine.

"Mama Rukia, nipe hiki kitu. Nitakujengea banda jipya la kuku."

"Chukua tu, mwalimu. Lakini si leo. Huyo ameanza kulalia leo asubuhi."

"Basi tumhamishe."

"Tumhamishe?" Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Wewe ungekuwa na mimba, mimi nikutoe kwa nyumba? Ngoja siku ishirini na moja. Na kwa vile mguu wangu ndio huu, wewe ndiye utakuja kumpa maji na mahindi. Kila siku, mwalimu. Kuku hajui Jumapili."

Nilikwenda kila siku. Juma la kwanza nilipita njia za nyuma nisikutane na mtu. Juma la pili nilipita barabara kuu, kwa sababu ndiyo fupi na kuku alikuwa na kiu. Watu walinisalimu, nikaitikia. Siku moja nikajikuta sokoni nikibishana na muuza mahindi juu ya punje zenye wadudu, tena kwa sauti! Machozi yakanitoka mbele ya watu. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu. Ndugu zangu, nilikuwa nimemwomba Mungu anitoe nyumbani kwa muujiza mkubwa, naye akanipa kuku wa kulisha!

Vifaranga tisa vilipotoka, mashine ilipakiwa kwenye mkokoteni. Njiani, mimi na mwenye mkokoteni tulikutana na mzee mmoja wa kanisa hili.

"Mwalimu, hata wewe? Kamari?"

"Mzee, kamari hurudisha kitu mara moja moja. Hii inameza sarafu tu, hairudishi."

"Basi ni kama mfuko wetu wa jengo la kanisa," akasema, akaweka Biblia yake juu ya mashine na kutusaidia kusukuma.

Nyumbani nilikwangua mavi ya kuku. Nilibadilisha nyaya zilizoliwa na panya, nikatia fyuzi mpya, nikawasha. Kioo kilionyesha mstari mmoja mweupe katikati, basi. Ugonjwa huo nimeufundisha mara nyingi: risasi ya kulehemu imepasuka nyuma ya bodi ya saketi, na kapasita, kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, imekufa. Lakini kuufikia ni lazima kwanza uondoe stima inayobaki ndani ya kioo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Stima hiyo inaweza kumtupa mtu. Inataka mkono usiotetemeka. Tena sheria ya karakana yangu ni kwamba kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja peke yake.

Nilimwita Mama Rukia, mguu wake ulikuwa umepona. Alikuja na mpini mkavu wa jembe wa kunibandua nikinaswa.

"Stima ikikushika, nikupige wapi?"

"Popote, isipokuwa kichwani."

"Mgongo ni sawa?"

"Mama Rukia, tafadhali."

Alisema Bismillahi. Nikasema, kwa jina la Yesu, nikaingiza bisibisi yenye waya wa kutolea stima chini ya kifuniko cha mpira kilicho nyuma ya kioo. Ta! Cheche moja, kisha kimya. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia! Haleluya! Niliutazama muda mrefu hata Mama Rukia akainua mpini, akidhani nimenaswa.

Nililehemu upya, nikatia kapasita mpya, na alasiri hiyo ndege zilishuka kwenye kioo kwa rangi zake zote. Muhula ulipofunguliwa niliingia karakana, nikafunua kisogo cha mashine ile mbele ya wanafunzi, nikafundisha saa mbili bila kuketi. Mashine nyingine kama hiyo nimeipata Garbatulla, kwa mwenye duka aliyekuwa akihifadhia sukari ndani yake. Nayo inafanya kazi.

Sisemi kwamba huzuni imekwisha. Zipo asubuhi mapazia yananivuta. Lakini nayafungua, kwa maana aliyenitoa mle ndani namjua sasa, na ninamshukuru kwa sauti hii aliyonirudishia.

Najua hapa yupo aliyekuja leo kwa kujikokota, na yupo jirani yako ambaye hakuweza kuja kabisa. Mtumaini Mungu kwa jambo dogo atakalokuwekea mbele, hata likionekana la kuchekesha. Na kama huwezi kutembea hadi hapa mbele tukuombee, usijilazimishe. Inua mkono hapo ulipo. Mimi nitakuja.