Lifti Iliyokufa na Mume Wangu Ghorofa ya Tano

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wengi mnatufahamu, mimi na Baba Neema, wa pale mjini Hyattsville. Mnamwona ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Leo nataka mjue Mungu alikomtoa.

Figo za mume wangu hazifanyi kazi. Kila baada ya siku chache lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu. Akikosa, mwili unajaa maji na pumzi inambana. Nasi tunakaa ghorofa ya tano. Majira ya baridi yaliyopita lifti ikaharibika. Nikapigia simu kampuni inayosimamia jengo. Binti wa mapokezi akasema fundi ameshaitwa, nikaamini. Wiki zikapita. Nikipiga, fundi yuko njiani. Nikimtaka meneja, yuko kwenye mkutano. Ndugu zangu, nililia na simu mkononi!

Aliyekuwa akitushusha ni jirani yetu Mkongomani, Papa Kabongo, na wenzake wa kazini. Walimbeba kwenye kiti, ngazi kwa ngazi. "Mama, usiogope, tutamubeba," alikuwa akiniambia. Lakini niliogopa. Nilitangulia kinyumenyume, mikono nimeinyoosha, kana kwamba ningeweza kumdaka.

Asubuhi moja theluji ilikuwa imeanguka, viatu vya watu vimelowesha ngazi. Papa Kabongo akateleza. Kiti kikainama upande. Mume wangu akakamata chuma cha ngazi, wote wakaganda pale. Nikaliita jina la Yesu, maana sikuwa na neno lingine. Hakuanguka! Lakini Papa Kabongo aliteguka goti, na huyo ndiye aliyekuwa miguu yetu.

Wenzake walimalizia kumshusha kabla ya kwenda kazini, na hospitali tulifika. Wakati wa kurudi, nani angempandisha? Hapo Mungu akanipa ujasiri ambao si wangu. Nikamsukuma mume wangu moja kwa moja hadi ofisi ya ile kampuni, chini ya jengo letu, nikamwambia yule binti kwamba tutakaa hapo mpaka lifti ipone. Akasema wanafunga, tusipotoka ataita polisi. Baba Neema, ambaye siku hiyo hata kusema kulimchosha, akamjibu taratibu, "Waite. Watanisaidia kupanda."

Yule binti hakupiga simu. Bi Salma, mama wa Kizanzibari anayekaa ghorofa ya chini, akasikia, akaja na majirani wengine. Wakajaa ofisini na makoti yao, hawakumtukana mtu. Ndipo mlango wa ndani ukafunguka, meneja akatoka. Kumbe alikuwemo! Akatazama miguu ya mume wangu ilivyovimba, akampigia fundi mbele yetu, sauti tukiisikia sote. Fundi akauliza, lifti gani? Hakuna aliyewahi kumwita.

Meneja akamwambia aje kesho yake. Mimi nilitaka kupiga kelele, lakini Bi Salma akanishika mkono, akatupeleka kwake, akatupisha kitandani pake. Kesho yake fundi alikuja, na jioni mume wangu akalala chumbani mwake.

Namshukuru Mungu, nawashukuru aliowatuma, wa kanisa hili na wasio wa kanisa hili. Nawe uliyekwama mahali leo, umeahidiwa mpaka umechoka, mtumaini Bwana. Usione aibu, simama tukuombee. Na tukisema amina, utuambie unakaa wapi. Tutakuja.