Hallbera na Kifuko Kilichopasuka

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Leo tunamkumbuka Hallbera Arngrimsdottir, mpishi wa kiwanda cha samaki hapa Hvalvik, kaskazini mwa Aislandi. Hallbera amefariki dunia. Amewaacha mwanawe, Kolbein, na mdogo wake, Oddrun. Ibada ni Jumamosi, saa nane mchana, kanisani kwetu.

Mliokula kiwandani mnamkumbuka. Alikuwa akisimama mbele ya sufuria ya soseji kama mtu anayesubiri jibu. Moja ikipasuka na ya pembeni yake ikabaki nzima, anauliza, "Sasa wewe umekosewa nini?" Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Jambo lenyewe lilianza utotoni, msimu wa kuchinja. Nyumbani kwao walipika slatur, kama sisi sote: damu, unga na mafuta, vinajazwa kwenye tumbo la kondoo lililokatwa vifuko. Kazi iligawanywa. Hallbera ajaze na kushona. Oddrun atoboe kila kifuko kwa sindano, mvuke upate pa kutokea. Mama yao, Thorgunna, akae jikoni na moto wake.

Siku moja mama alipoinua kifuko kwa upawa, kikapasuka. Uji wa moto ukamrukia mkono wa kulia. Vidole vilipona vimejikunja, na Thorgunna hakukamua ng'ombe tena.

"Ulitoboa?" Hallbera akamuuliza mdogo wake.

"Nilitoboa. Wewe ulijaza mpaka kikavimba kama chura."

"Nilijaza kama siku zote. Wewe ulikuwa dirishani unaangalia farasi."

Mama aliwaambia wanyamaze. Walinyamaza, wasikilizaji, lakini hawakumaliza. Mama alipokufa, hata salamu zikakatika. Dada wawili, ghuba moja, kila mmoja upande wake.

Kolbein ananiambia alijaribu kumsaidia mama yake. "Nilimwambia, mama, maji yakiwa mvuke yanataka nafasi. Ngozi nayo inajikaza kwa joto. Kisipokuwa na pa kupumulia, kinapasuka. Akasema, hayo nayajua, mwanangu. Mimi nataka kujua cha siku ile."

Basi baada ya kustaafu, Hallbera akapika slatur peke yake. Vifuko vingine akavitoboa, vingine akaviacha. Vile visivyotobolewa akavipika kwa moto mdogo. Vikaiva vizima. Vilivyotobolewa akavichemsha kwa fujo, moto wa juu kabisa. Viwili vikapasuka.

Alikaa kitini, anasema Kolbein, amechanganyikiwa. Kama ni moto, basi siyo sindano wala uzi. Na siku ile moto ulikuwa wa nani?

Akachukua gari, akazunguka ghuba, akagonga kwa Oddrun. Walikuwa hawajaongea miaka mingi. Oddrun mwenyewe amenisimulia kwa simu juzi, naye ana miaka themanini na kitu.

"Hata kukaa hakukaa. Akaniambia, Oddrun, huenda hatukukosea, mimi wala wewe. Huenda mama alizidisha moto. Nikamwambia, yaani umekuja mpaka hapa kuniambia mama alijiunguza mwenyewe? Akasema, sijui, mdogo wangu, ndiyo maana nimekuja. Nikaona anaanza kumlaumu mama, na mama yuko kaburini. Basi nikamwambia, dada, acha. Ni mimi. Sikutoboa."

Hallbera alilia pale mlangoni. Akamkumbatia mdogo wake, akasema, "Yameisha." Kuanzia hapo kila msimu walipika pamoja, moto mdogo, na kelele za wajukuu wa Oddrun. Hallbera alikuwa akiwaambia majirani, "Mdogo wangu ni mkweli. Alikiri mwenyewe."

Nilimuuliza Oddrun: ni kweli hakutoboa?

Akasema: "Mwanangu, sijui. Nikifumba macho naiona sindano mkononi. Nikifumba tena nawaona farasi. Nilisema vile ili amwache mama. Akanisamehe, na akafa akiamini. Sasa msamaha wa kosa nisilolijua, niuweke wapi?"

Nimelibeba swali hilo mpaka hapa studioni, wasikilizaji wapendwa.

Kwako Oddrun, kwako Kolbein, na kwa wote waliokula mkononi mwa Hallbera Arngrimsdottir: poleni sana. Tuko nanyi katika msiba huu. Ibada ni Jumamosi, saa nane mchana. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu uliyemnunia kwa jambo ambalo hakuna kati yenu anayelikumbuka sawasawa, usingoje mpaka ulielewe. Pengine halitaeleweka. Nenda tu ukagonge.