Mapacha wa Justa, Jirani Yetu wa Urundi

...Sasa, ngoma imenikatiza nikiwa wapi? Eeh, mlangoni kwa Justa! Lakini ngojeni, nimeanza hadithi kabla ya salamu. Mheshimiwa Mwanangwa Bujiku, mkuu wa kijiji chetu, shikamoo. Wazee wenye ng'ombe, shikamooni. Wafanyabiashara wenzangu, wachimba dhahabu, na wewe Makoye unayeguna huko nyuma, hamjambo?

Leo tunawatoa nje mapacha wa Theonest na Justa. Na leo hii Mwanangwa ataamua: wapewe shamba hapa, au warudi kwao Urundi, kwa Mbeligiji, maana kazi ya mgodi imemwishia Theonest. Makoye anasema wageni hawajui mila ya mapacha, watatufungia mvua. Makoye, baba, mvua ni ng'ombe wako hata uichunge peke yako?

Mimi Mama Mwasiti, muuza chumvi, nilikuwepo. Mapacha walipozaliwa, Mbuke, bingwa wetu wa mila, alitukusanya wanawake tukamfundishe Mrundi mila. Tulikwenda vifua mbele kama makarani! Kufika, tunakuta vibuyu viwili, vikapu viwili, na wanawake wa Kirundi wanaimba matusi ya kuwakaribisha mapacha, yale yale tunayoimba sisi! Hata hodi hatujamaliza, Justa akamwambia Mbuke, "Karibu, miguu ya korongo!"

Mbuke naye, "Nimekaribia, tumbo la kiboko! Umezaa kijiji kizima?"

Wakatukanana mpaka jasho, wakakumbatiana. Nani alimfundisha nani pale?

Basi niwaulize. Mahari yao si ng'ombe? Yetu je? Mwanamume wao si humkimbia mama mkwe njiani? Na wewe Makoye, juzi hukuruka ndani ya mtama ulipomwona wako? Kwao watoto wamejaa vilimani, kwetu wamejaa mbugani. Wazungu wamechora mpaka, sawa, lakini walimwuliza mama gani wa mapacha?

Jana nimemkuta Justa kashika mbegu za maharage. "Mama Mwasiti," ananiambia, "nipande au nifunge mizigo?" Nilikaa naye tu, nikapakata pacha mmoja, yeye mwingine.

Mwanangwa, mimi sina jibu la kumpa. Unalo wewe. Na kama unaona...

Naam, Mwanangwa? Ninyamaze? Nishike nini? Miche ya mnyaa? Twende tukapande mpaka wa shamba lao, sasa hivi?

Haya! Makoye, chukua jembe, baba! Wageni waalikwa, ahsanteni kwa masikio yenu, mie naitwa!