Mama Hodi wa Chumba cha Sita Anapumzika

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi tunayemwita Mama Hodi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kwa sababu haingii popote bila kubisha. Hata pazia la wodini hulipigia hodi, kisha husubiri aitikiwe.

Alianzia wodi ya wazazi. Huko aliwaona akina mama waliochanika vibaya wakati wa kujifungua wakirudi nyumbani na watoto wazima, lakini wao wenyewe hawawezi tena kuzuia choo. Wengi hawakumwambia hata mume. Kliniki yao ilipofunguliwa katika Chumba cha Sita, aliomba uhamisho siku hiyohiyo. Sheria yake ya kwanza ilituhusu sisi wa mapokezi: ugonjwa wa mtu hautangazwi dirishani. Karani akipaza sauti, Mama Hodi hagombi. Humtazama tu juu ya miwani, na hilo linatosha kabisa. Kisha aliagiza viti vyote visogezwe upande wa msalani, ili asiwepo wa kuona haya kuchagua kiti cha karibu.

Daktari wa upasuaji alipoanza kupandikiza kifaa cha kuchochea neva, Mama Hodi ndiye aliyewaandaa wagonjwa. Kifaa hicho, kidogo kama kiberiti, huwekwa chini ya ngozi juu ya kalio, na waya wake huziamsha neva zinazoongoza misuli ya choo. Kwanza mgonjwa hujaribu waya wa muda kwa wiki mbili. Asipopata nafuu, waya hutolewa na upasuaji haufanyiki.

Mmoja wao ni mshonaji, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia haya na amezisoma aya hizi kabla hazijachapwa. Alikuwa amemshonea bintiye gauni la mahafali, lakini alishasema yeye hatakwenda. Wiki ya kwanza ya majaribio alikuja akitabasamu: hajachafua nguo hata mara moja. Tukashangilia. Mama Hodi akaitazama sketi iliyomlegea kiunoni, akamuuliza amekula nini tangu jana. Kumbe dada wa watu alikuwa akiishi kwa chai ya rangi, kama alivyozoea kila alipotaka kutoka nyumbani.

“Mwanangu, hapa tunapima kifaa, hatupimi njaa,” akamwambia, akamkokota hadi kantini.

Wakala wakashiba, mpaka mpishi akauliza kama wodi imehamia kwake. Kisha wakatembea hadi sokoni na kurudi. Siku chache baadaye mshonaji alichafua nguo, akaja analia, akidhani ndiyo basi. Mama Hodi akamkumbusha kwamba zamani ilikuwa kila siku, tena bila kula. Tangu hapo hakuna anayejaribiwa waya bila kupitia kantini, na daktari naye siku hizi huanza kwa kuuliza mtu amekula nini.

Kifaa kilipandikizwa. Siku ya mahafali mshonaji alikunywa chai na vitafunwa, akaketi safu ya pili, katikati kabisa, watu wamembana kulia na kushoto. Aliyewasumbua majirani kwa kutoka mara mbili ni mumewe.

Asante, Mama Hodi, kwa yote uliyotutendea na kutufundisha. Ustaafu kwa raha, afya ikuandame, na wajukuu wakuachie angalau usingizi wa mchana.