Mikono Aliyoichagua Kefa

Kijiwe chetu kiko Majengo, nyuma ya maduka ya nafaka, pale upepo wa kiangazi unapokusanya pumba za mtama na kuzirundika ukutani. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali. Mzee Hasani hukaa na birika lake la kahawa kwenye jiko la mkaa, nami Kuluthumu hukaa kando yake na sinia la kashata, kwa hiyo nasikia kila neno, hata lile nisilolitaka. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, watu wanapunguzwa makazini, na kila aliyeshika kikombe pale benchini alikuwa mtaalamu wa uchumi. Iddy alikuwa karani wa shirika lililofungwa. Tulimwita Waziri, maana hata chumvi aliiomba kwa hotuba. Brighton aliuza mitumba, akaitwa Soko Huria. Wa tatu, Daudi, mnunuzi wa karanga, hakuwa na jina la utani. Siku zile hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania, kwa sababu ya mtu aliyelala nyumbani kwake.

Huyo ni Kefa, mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa kuli palepale sokoni, mtu mrefu wa mabega mapana, akipanda ubao wa lori na gunia la karanga kichwani ungedhani kabeba mto wa kulalia. Siku moja ubao uliteleza. Alianguka chali, na gunia likamfuata. Hospitali walimlaza muda mrefu, wakasema uti wa mgongo umevunjika. Aliporudi, kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, hata haja ndogo ilitoka bila yeye kujua.

Daudi alimchukua akamweka kwake, na kwa hilo hana wa kumlaumu. Mkewe Edina alimpikia na kumfulia mashuka. Lakini kumvua nguo shemeji yake na kumwosha lilikuwa jambo zito kwao wote wawili. Edina aliniambia kwamba kila alipolazimika, Kefa aligeuza uso ukutani wala hakutamka neno mpaka amalize. Ikakubaliwa kwamba Daudi ndiye atakayemwosha asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Sasa, mnunuzi wa karanga lazima awahi malori ya vijijini. Siku nyingine Daudi aliosha mbiombio, siku nyingine alipitiwa, na Kefa akashinda kwenye majimaji mpaka jua linazama. Hakulalamika. Sehemu ya chini ya mgongo ikaanza kuchimbika kidonda.

Kulikuwa na shirika moja la kusaidia walemavu, lenye wafadhili wa nje. Kwanza lilimletea kiti cha magurudumu. Mlango wa chumba haukukipitisha, na nje mchanga ulimeza yale magurudumu membamba. Kisha likamletea cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Edina anasema Kefa aliitazama akacheka, mara ya kwanza kucheka tangu aanguke, halafu kicheko kikageuka kilio.

Baada ya hapo akaja ofisa mmoja mwanamke, Yudith. Alipokaribishwa sebuleni aliomba kigoda, akaenda kukaa kando ya kitanda. Alimwambia Kefa kwamba wamechoka kuleta vitu visivyofaa, na sasa wanajaribu utaratibu mwingine kwa watu wachache. Fungu la msaada la kila mwezi litakabidhiwa mlemavu mwenyewe. Yeye ndiye atakayepanga anahitaji msaada gani, amwajiri nani, aje saa ngapi, na asipofaa amwondoe. Wao watakuja tu kuuliza limemsaidiaje.

Habari ilifika benchini kabla vumbi la gari la Yudith halijatua.

— Huu ni ubinafsishaji, alisema Waziri. Walianza na viwanda, wakaja kwenye mabenki, sasa wamefika kwa wagonjwa. Kefa amebinafsishwa.

Soko Huria akasema ni sawasawa, mali ishikwe na mwenyewe, ila Kefa aende akanunue mbuzi mnadani. Waziri akamkumbusha kwamba mbuzi wa maskini hazai. Basi na anunue belo la mitumba, akasema Soko Huria, na kwa bahati yeye analo moja la kumuuzia. Kutoka kwenye belo likaja duka, na kutoka kwenye duka likaja basi la kwenda Mpwapwa, hata birika la pili lilipoisha Kefa alikuwa na mabasi mawili, naye bado amelala kwenye shuka lililolowa. Waziri akaenda mbali zaidi. Alisema wafadhili wanapima: Kefa akishindwa kutawala fungu lake, wataandika kwamba Watanzania wote wameshindwa, na mikopo ya nchi itakatwa. Akataka iundwe kamati ya kumsimamia.

Daudi aliweka kikombe chini.

— Nyumba ni yangu, alisema mwishowe. Kitanda ni changu. Anachokula ni changu. Halafu fungu lipite juu ya kichwa changu kama sipo.

Soko Huria alitaka kumliwaza, na kama kawaida yake akaokota methali ya kwanza iliyomjia.

— Aliye juu mngoje chini, kaka.

Sote tulikuwepo siku ile sokoni, tuliona nani alikuwa juu na jinsi alivyokuja chini. Soko Huria mwenyewe alisikia alichosema, akashika mdomo. Daudi akanyanyuka akaenda zake.

Jioni ile nilimpelekea Kefa uji wa ulezi, kama nilivyozoea mara mojamoja. Chumba kilikuwa na ile harufu ambayo mtu hujifanya hajaisikia. Alikunywa kidogo, akaniambia nisogee.

— Dada Kuluthumu, wewe unajuana na watu. Nitafutie mwanaume wa kuniosha na kunigeuza. Awe na mikono ya taratibu. Na asiwe ndugu yangu.

Nilimuuliza kwa nini asiwe ndugu. Upande wa Bahi kwao kuna vijana tele, wangekuja mbio, na fungu lingebaki ndani ya ukoo.

— Ndugu huwezi kumwambia umechelewa, alisema. Ukimwambia maji ya baridi, unaonekana huna shukrani. Kaka yangu ananipenda, nalijua hilo. Lakini tangu nianguke sijamwambia neno moja la kweli. Huyo nitakayemlipa, nitamwambia.

Nilituma ujumbe Mpwapwa kwa mama mmoja muuza vitunguu, nikaeleza hali ya Kefa na kidonda chake, maana nilisikia huko kuna mhudumu wa wodi aliyepunguzwa kazi, mtu mpole, jina lake Fabian. Jibu likarudi kwamba atakuja.

Edina alimwambia mumewe kwamba Fabian anakuja, na asubuhi yake Daudi alifika kijiweni uso umemvimba. Alisema amedhalilishwa. Watu watasema kaka mtu ameshindwa kumwosha mdogo wake, mpaka ameletwa wa kulipwa kutoka mbali. Nilimwonea huruma, kwa sababu ni kweli watu wangesema, na pale benchini ndipo wangeanzia.

Hapo Waziri akatoa shauri. Waende wote kwa yule mama wa shirika wamweleze, kwa adabu, kwamba tangu Kefa aanguke akili yake haijatulia, kwa hiyo fungu lihamishiwe kwa mkubwa wa nyumba. Yeye atazungumza, Soko Huria atakuwa shahidi.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimalizia.

Nilisema akili za Kefa ni nzima, nimeongea naye. Waziri akanijibu kwamba hakuna anayemtukana mtu, hiyo ni lugha ya ofisini tu, na ofisi zina lugha yake. Daudi alizungusha kikombe mkononi muda mrefu, kisha akakubali. Wataondoka wakimaliza kahawa. Nilikaa na sinia langu nikiona neno moja la lugha ya ofisini linavyoweza kumrudisha mtu ukutani, na sikujua nifanye nini.

Hawajamaliza, akaja mtu mfupi wa makamo, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, mkononi begi la nailoni. Akawasalimia wakubwa shikamoo, akawageukia wengine kwa mbukwenyi ya Kigogo, kisha akauliza nyumbani kwa Kefa, yule kuli aliyeanguka.

— Mimi ni kaka yake, alisema Daudi. Sema shida yako.

Mgeni alionekana kufurahi, kama mtu aliyefika mahali penyewe. Alijitambulisha kuwa ni Fabian, akachuchumaa mbele ya Daudi. Akasema anashukuru kumkuta mwenye mgonjwa, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo ngumu, na asingependa kumuumiza mtu kwa kutojua.

— Huwa analalia upande gani?

— Kulia, alisema Daudi. Au kushoto. Anaelekea ukutani.

— Ni kidonda kinachomfanya aelekee ukutani?

Daudi akamtazama Waziri, kana kwamba jibu linaweza kupatikana huko. Waziri, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, alikuwa anatazama barabara. Soko Huria alikuwa anakuna kidole gumba. Mzee Hasani aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha.

— Si neno, alisema Fabian. Mwenyewe atanieleza.

Daudi alisimama. Akachukua lile begi mkononi mwa mgeni, akatangulia njia ya nyumbani. Niliacha sinia kwa Mzee Hasani nikawafuata.

Fabian alipiga hodi chumbani kama anaingia kwa mkubwa. Alikaa kwenye kile kigoda, akamuuliza Kefa maswali yake, na Kefa akajibu. Analalia kushoto, kwa kuwa bega la kulia lilipondeka siku ya ajali na halijapona. Wakati wa joto anageukia ukutani kwa sababu ukuta una ubaridi, na wakati mwingine kwa sababu ya aibu. Maji yawe vuguvugu. Asivutwe kwa miguu, hata kama haisikii. Aoshwe jua linapochomoza, si baadaye. Daudi alisimama mlangoni na begi la watu mkononi, akiyasikia yote yale kwa mara ya kwanza. Fabian alipofunua kitambaa, Daudi akaona kidonda kilipofikia. Alitoka nje. Edina alimkuta nyuma ya nyumba amekaa chini mavumbini, akamwacha.

Jioni alikuja kijiweni mara moja tu, akamwambia Waziri kwamba ile safari haipo tena.

Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, lakini kilifunga. Kefa alijifunza kuwa mwajiri. Kipindi fulani Fabian alichelewa siku mbili mfululizo, Kefa akamwambia wazi kwamba akichelewa tena asije kabisa. Habari hiyo ilizungumzwa benchini wiki nzima, kwamba mtu asiyeweza kukaa bila kuegemezwa kamkaripia aliyemshikilia. Fabian hakuchelewa tena, wala hakukasirika. Kwa sehemu ya fungu lake Kefa alimwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee kigari cha magurudumu mapana ya pikipiki, kinachopita mchangani. Akaanza kuletwa kijiweni. Alipima na kuuza karanga palepale, akibishana na Waziri juu ya bei ya dunia. Daudi alikaa upande wake. Kwa kuwa hakuwa tena na deni la asubuhi, jioni aliweza kumtazama mdogo wake usoni.

Utaratibu ule haukudumu. Wafadhili walibadili mawazo, wakahamia kwenye mambo mengine, na Yudith alikuja kuaga akiwa na huzuni ya kweli. Kefa aliendelea kumlipa Fabian kwa pesa ya karanga zake, aje asubuhi tu. Kazi iliyobaki aliifanya Daudi, na alipokosea aliambiwa.

Kefa alifariki msimu mmoja wa mvua, kwa malaria iliyopanda kichwani. Ngozi ya mgongo wake ilikuwa nzima.

Ndugu walikuja kutoka Bahi. Wazee wa ukoo wakasema maiti itaoshwa na wa damu yake, ndiyo desturi, na Fabian, mtu wa kulipwa, akae nje na waombolezaji. Fabian hakubisha. Alikuwa amekwisha kukaa chini ya ukuta na kofia yake magotini, Daudi alipotoka ndani akamfuata pale mbele ya watu wote.

— Njoo, alimwambia. Wewe alikuchagua mwenyewe.

Mzee mmoja akakohoa kutaka kusema. Daudi hakumgeukia. Aliinama akachukua beseni la maji, akatumbukiza kiganja, akaona ni ya baridi. Akampa Edina ayarudishe jikoni yakapate moto kidogo, naye Daudi na Fabian wakasimama mlangoni wote wawili, wakiyangoja.