Vuta Tena, Mlinzi wa Mlango wa Dawa

Marehemu alifukuzwa kazi kwa wizi ambao hakuufanya, na aliyeuthibitisha kwa kompyuta ni mdogo wake wa tumbo moja. Hilo litangulie, mengine yafuate.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha ili mdogo wake asome. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo.

Mwaka 1989 aliajiriwa kulinda bohari ya dawa. Akishafunga mlango aliuvuta, akaenda hatua chache, akarudi kuuvuta. Wenzake wakamwita Vuta Tena. Hata siku ya ndoa yake, tarehe 14 Desemba 1991, bibi harusi alisimama na shela lake juani akimngoja amalizane na mlango wa nyumbani.

“Kwani unaoa mke au kitasa?” alimuuliza.

Mwaka 2021 bohari iliwekewa kufuli za kadi. Programu ya kuzisimamia iliandikwa na mdogo wake na wenzake. Dawa zilipopotea, kompyuta ilionyesha mlango ukifunguliwa tena na tena baada ya kufungwa, kila mara katika zamu ya marehemu.

“Shemeji, programu yetu haina kosa,” mdogo wake alimwambia mke wa marehemu, macho yake yakiwa kwenye zulia.

“Hata moja?”

“Hata moja. Tumeipima.”

Marehemu alicheka kidogo. “Kitu kikubwa hivyo, bwana mdogo? Mmekiandika watu sita. Nani kati yenu anakijua chote?”

Alifukuzwa tarehe 11 Juni.

Baadaye mlinzi mwenzake alimnong’oneza mke wa marehemu: “Mama, zamani ukiuvuta tu mlango uliofungwa, kompyuta iliandika kuwa umefunguliwa. Siku hizi inanyamaza.”

“Tangu lini?”

“Tangu wiki ile mzee alipoondoka. Walikuja, wakasema wanaiboresha.”

Kama haikuwa na kosa, walikuwa wanaboresha nini? Na kwa nini wiki ile ile? Mkewe alipompigia shemeji yake kumuuliza, kila mara simu ya shemeji iliishiwa chaji.

Februari 2023 marehemu alipatwa na kiharusi. Alifariki nyumbani tarehe 9 Mei 2024, watu wa mtaani wakiwa bado wanamwita mwizi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo mmoja.

Yeye na apumzike, hana deni na mtu. Wasifu huu umeandikwa na mjane, lakini katika familia hii wasifu husomwa na ndugu wa kiume wa marehemu, kwa hiyo mnayemsikia sasa ndiye aliyeiandika programu ile. Anadaiwa sentensi moja, aiseme kwa kinywa chake kabla jeneza halijashushwa: kwamba programu yake ilikosea, na kaka yake hakuiba.